Vipimo vya Jioni Kutoka Katoro

Odense, 14 Septemba 2024

Shangazi yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na jirani yako Bernadina na wateja wote wa mgahawani, wapole na wakorofi. Mimi sijambo. Baridi ya huku Denmark haijaanza, ila watu wameshaanza kuizungumzia kila asubuhi kana kwamba wana deni nayo.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu ya simu yenyewe. Kila nikipiga tunasalimiana, unasema hamjambo, nasema sijambo, kisha mchimbaji anataka supu na wewe unakata. Ndiyo maana habari yako nimeipata kwa Selestine, yule kijana wa Geita aliyekuja huku kwa kozi ya mashine za migodini. Eti ulipimwa Shinyanga ukaambiwa una kisukari, na tangu mwezi wa nne unameza vidonge. Wewe ndiye uliyenilea tangu baba alipofariki. Mimi ndiye ninayesomea ugonjwa huohuo kwenye panya. Halafu naambiwa na mtu wa mashine. Nimeumia, shangazi, na nimeona nikuambie.

Selestine anarudi wiki ijayo na atakuletea mashine ndogo ya kupimia sukari, na vikaratasi vyake mia moja. Nawa mkono, ukauke, choma kidole pembeni na si katikati, gusisha tone la damu kwenye kikaratasi. Pima ukiwa hujala kitu kwa saa nane au zaidi. Andika tarehe na namba, uniletee. Ikiwa kati ya nne na saba tutamshukuru Mungu. Ikizidi hapo usinifiche.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Nina marafiki, tunapika pamoja mwisho wa wiki.

Mwanao,
Abdu


Katoro, 20 Oktoba 2024

Abdu, baba yangu,

Marahaba. Barua nimeipata na mashine nimeipata, na Selestine nimemlisha mpaka akafungua mkanda. Kiswahili chako bado kimenyooka, nilidhani baridi imeshakigandisha. Mimi mzima. Bernadina mzima, genge lake la nyanya sasa limehamia mlangoni kwangu kabisa, kwa hiyo sina siri tena. Mvua bado. Karasha zimeongezeka upande wa barabara ya Ushirombo, zinasaga mawe mchana kutwa hadi vikombe vinacheza mezani, na vumbi lake tunalinywa na chai.

Umesema umeumia. Nimekusikia. Lakini mtu aliye mbali ukimpa habari mbaya unampa mzigo asioweza kuutua. Angekuwa karibu angekuja, tungelia kidogo, tungekula, yakaisha. Wewe ungefanya nini nayo huko? Na usinijibu kwa ukali, maana nilikupa jina la marehemu baba yangu na siwezi kugombana nalo.

Haya, hizi hapa namba zako. Napima jioni, jua likikaribia kuzama, tumbo likiwa tupu kabisa kama ulivyoagiza.

7 Oktoba: 5.4
10 Oktoba: 5.1
14 Oktoba: 5.6
17 Oktoba: 4.9

Umeona? Daktari alinitisha bure.

Umesema una marafiki. Wanaitwaje? Barua nzima hukutaja hata jina moja.

Shangazi yako,
Mwanaidi


Odense, 24 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia nyote wazima, na pole kwa vumbi. Huku jua linazama saa kumi jioni. Nakwenda kazini giza, narudi giza.

Namba zako nimezipokea kwa furaha ambayo sijaipata muda mrefu. Nimezichora kwenye karatasi, tarehe chini, sukari pembeni, kama ninavyowachorea panya wangu, na nimeibandika ukutani juu ya meza yangu maabara. Profesa wangu alipita akauliza huyo ni nani mwenye sukari nzuri hivyo. Nikamwambia ni mama yangu. Endelea hivyohivyo, shangazi. Hata zikishuka kidogo zaidi ya hapo, kwangu ni furaha tupu.

Uliwahi kuniuliza panya wanahusikaje na ugonjwa wa binadamu. Tunachukua panya wa tumbo moja, nusu tunawalisha chakula chenye mafuta mengi, nusu chakula cha kawaida. Baada ya miezi mitatu wale wa mafuta wengi wanaugua sukari, lakini wachache hawaugui, na kazi yangu ni kutafuta hao wachache wana nini. Kuna siku ya kuwapima. Kwanza tunamwondolea panya chakula kwa saa sita na kumhamishia kwenye kizimba kisafi, maana ukimwacha kwenye maranda yake ya zamani ataokota makombo. Tunatoboa ncha ya mkia, tunapata tone moja, tunapima. Halafu tunampa maji ya sukari kwa mrija mwembamba mdomoni, na tunapima tena baada ya robo saa, nusu saa, saa moja na saa mbili. Panya mzima sukari yake inapanda kisha inarudi. Mgonjwa inapanda na kukaa hukohuko juu. Ndiyo maana namba moja peke yake haitoshi kumjua mnyama.

Kuna vizimba vingine ambavyo panya anakaa mmoja tu. Vinapima pumzi anayovuta, chakula anachokula, maji, mkojo, kila kitu. Siku tatu za mwanzo hatuandiki chochote, kwa sababu anakuwa bado anahangaika kutafuta wenzake. Siku ya nne anatulia, tunaanza kuandika.

Marafiki hawajambo, wanakusalimu.

Mwanao,
Abdu


Katoro, 29 Desemba 2024

Abdu, baba yangu,

Marahaba sana. Hatujambo. Mvua imekuja yote kwa pamoja, kama mtu aliyechelewa kazini. Barabara ya sokoni ni tope hadi magotini na bodaboda zinasukumwa badala ya kupandwa. Bernadina alisherehekea Krismasi kwao Kagongwa, akaniachia genge, siku tatu nimeuza supu kwa mkono mmoja na nyanya kwa mwingine. Wachimbaji wengi wamekwenda makwao. Mgahawa ulikuwa kimya, nikawa napika chungu kidogo halafu nacho kinabaki.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukuambia. Umesema umenibandika ukutani. Nimezidisha bidii, tazama:

2 Desemba: 4.6
9 Desemba: 4.4
12 Desemba: 4.3
19 Desemba: 4.1
26 Desemba: 3.7

Zimeshuka kama ulivyotaka. Mwambie profesa wako. Jioni kichwa kinakuwa chepesi kidogo na jasho linanitoka, lakini hilo ni joto la jiko, nimelizoea.

Nina swali juu ya wanyama wako. Huyo panya anayekaa peke yake, anayetafuta wenzake siku tatu. Siku ya nne mnaposema ametulia, mnajuaje kwamba ametulia? Labda amechoka.

Na usiniulize kama nataka urudi. Kwenye simu umeuliza mara mbili na mara mbili nimesema supu inamwagika. Maliza masomo. Marafiki wasio na majina nao wasalimie.

Shangazi yako,
Mwanaidi


Odense, 2 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakusalimu haraka, na salamu za Bernadina zipo humu ndani, lakini leo sitaanza na hali ya hewa.

Wiki iliyopita nilikosea kazini. Nilikuwa na panya kumi na wawili wa kupima. Utaratibu ni kuwanyima chakula kuanzia asubuhi, saa sita tu. Mimi sikutaka kuamka mapema, nikawaondolea chakula jioni ya kuamkia siku hiyo, nikawapima kesho yake mchana. Matokeo yakatoka mazuri ajabu. Hata wale waliokula mafuta miezi mitatu walikuwa na sukari ya chini. Nikampelekea profesa huku nacheka. Alisoma karatasi, akaniuliza swali moja, walishinda njaa muda gani. Nilipomwambia, akaivua miwani. Panya hula usiku, akasema, ukimnyima usiku kucha unamnyima siku yake nzima. Amepungua uzito, ini lake limekauka akiba. Kisha akasema hivi: "Hapa hukupima ugonjwa, Abdu. Umepima njaa."

Nikarudi mezani kwangu na karatasi yako ikiwa ukutani. Nikatoa barua zako. Umeandika unapima jioni, tumbo tupu. Nilisoma tumbo tupu nikaliruka neno jioni. Mtu mwenye mgahawa, jioni, tumbo tupu kabisa, ni mtu wa namna gani? Nikaweka tarehe zako kwenye kalenda moja baada ya nyingine. Saba Oktoba, Jumatatu. Kumi, Alhamisi. Zote tisa ni Jumatatu na Alhamisi. Hakuna Jumanne, hakuna Ijumaa, hakuna siku hata moja uliyokula.

Tangu nikiwa mdogo pale Shinyanga nakuona unafunga siku hizo za sunna. Nilipokuambia upime ukiwa hujala, nilimaanisha asubuhi, ukitoka kitandani. Wewe ukachagua siku ambayo kutokula kwako ni ibada, ukanipimia dakika chache kabla ya kufuturu. Sikulaumu. Kosa ni langu, na si hilo tu. Nilikuambia zikishuka zaidi ni furaha. Nilimwambia hivyo mtu anayemeza vidonge vya kushusha sukari, halafu nikafurahia anavyoshuka. 3.7 si namba nzuri, shangazi. Ule wepesi wa kichwa na lile jasho si joto la jiko. Vidonge vile ukivimeza bila kula vinaweza kukuangusha, na ukianguka peke yako unaweza usiamke.

Ramadhani inaingia wiki nne zijazo. Nakuomba usifunge kabla hujaonana na daktari. Mwulize na sheikh wa msikitini kwako, yeye mwenyewe atakuambia mgonjwa ameruhusiwa. Na pima siku unazokula. Pima asubuhi, pima saa mbili baada ya chakula, uniletee hata kama ni ishirini.

Nilipiga simu jana na juzi. Umenijibu "mhola duhu", yaani salama tu, kwa Kisukuma chako cha kuigiza, Bernadina akacheka nyuma yako, ukakata. Kwa hiyo naandika.

Ulinidai majina ya marafiki. Hakuna. Kulikuwa na Mkongo mmoja tuliyekuwa tukipika naye ugali, amehamia mji mwingine tangu Juni. Napika, nakula nikiwa nimesimama jikoni, naosha sahani moja. Wiki nyingine panya ndio pekee ninaowasemesha Kiswahili. Na kuhusu yule wa siku ya nne, nimeliwaza swali lako. Mashine inapima pumzi na chakula basi.

Mradi umebakiza miezi saba. Ukisema neno moja naomba ruhusa nije hata kesho. Niambie.

Mwanao,
Abdu


Odense, 9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano tangu nikuandikie, hujajibu. Simu yako haipatikani. Nilimpigia Bernadina, akasema umekwenda kwa watu wake Kagongwa kumwuguza mgonjwa. Nikamwuliza mgonjwa gani, akasema mtandao unasumbua.

Hapa leo ni siku ya tisa ya mfungo. Nafuturu kwa tende nilizonunua duka la Waturuki, na kila nikisikia njaa naona aibu, kwa sababu sijui kama wewe unayo.

Karatasi yako nimeibandua. Si kwa hasira. Nilikuwa siwezi kufanya kazi chini yake.

Niandikie chochote. Hata matusi.

Abdu


Katoro, 16 Machi 2025

Abdu, baba yangu,

Marahaba. Ramadhani karimu. Mvua imepungua, mahindi ya nyuma ya nyumba ya Bernadina yanafika kifuani, na yeye mwenyewe yupo hapa ananitazama nikiandika kama polisi. Usimlaumu kwa uongo wa Kagongwa, nilimtuma mimi. Simu niliizima mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa imebadilika na wewe ungeijua.

Nilianguka Alhamisi, tarehe sita Februari. Barua yako ilikuwa bado njiani. Nilikuwa nimefunga, na daku sikula, maana nilishagundua nikiacha daku namba inazidi kupendeza. Kidonge nilimeza kabla ya alfajiri. Saa kumi hivi mikono ikaanza kutetemeka, nikaona sahani mbili pale penye moja, nikaamka niko chini na Bernadina ananisukumia soda mdomoni huku akiniita kwa jina la mama yangu. Wachimbaji walinibeba kwa pikipiki ya miguu mitatu hadi hospitali. Nililala siku sita. Barua yako nikasomewa nikiwa kitandani. Bernadina alipofika pale uliposema kosa ni lako, nilimwambia aache kusoma.

Maana kosa si lako peke yako, na nimeona nikuambie kabla sijaogopa tena. Nilikuwa najua. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili nilipima baada ya kula wali, nikaona 15.8. Niliitazama ile namba, nikakichoma kikaratasi jikoni. Siku nyingine ilikuwa 13, siku nyingine 17. Nikawa sipimi tena siku hizo. Nilisema moyoni, kijana yuko peke yake na giza la saa kumi, mimi nimpelekee habari nzuri. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli wenyewe ni mdogo kuliko huo na unaniaibisha zaidi. Uliandika umenibandika ukutani. Tangu kaka yangu afe na wewe uondoke, hakuna mtu aliyesema kitu changu kizuri. Napika, watu wanakula, wanasema ongeza pilipili, wanaondoka. Nilisoma barua ile hadi ikachanika kwenye mikunjo. Niliona nikikupa 15.8 utaibandua.

Daktari amebadilisha vidonge na amenikataza kufunga. Nilimwendea sheikh nikitumaini atanikatalia, akanikubalia kabla sijamaliza kueleza. Kwa hiyo mwaka huu nakula mchana, Abdu. Mara ya kwanza kwa mwezi mzima tangu nivunje ungo. Nawapakulia wachimbaji wasiofunga, kisha naingia stoo, navuta pazia, nakaa juu ya gunia la mchele na sahani yangu. Hakuna anayenikataza. Ninajificha tu. Chakula kinapita kooni kama cha wizi, na jioni watu wakifuturu mimi sina cha kufungua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano za hospitali.

Hizi hapa za juma hili, zote, hakuna niliyoificha. Bernadina ameweka sahihi yake chini ya kila moja, ingawa sikumwomba.

Jumatatu, asubuhi: 9.2
Jumanne, baada ya ugali na dagaa: 14.6
Jumatano, asubuhi: 8.8
Alhamisi, baada ya wali, nilizidisha: 16.9
Ijumaa, asubuhi: 10.1
Jumamosi, baada ya viazi vitamu: 12.4
Jumapili, leo, asubuhi: 8.3

Ni mbaya, najua kusoma. Daktari anasema zitashuka polepole kwa njia ya halali.

Umeniuliza kama nataka urudi. Nilikuwa nasema supu inamwagika. Haikuwa inamwagika. Sitaki uache kazi katikati, miezi saba imalize, nitameza vidonge na nitakula nyuma ya pazia na nitakungoja. Lakini ukitaka kujua mimi nataka nini, nataka urudi. Nataka mtu wa kukaa naye mezani. Karatasi mbili nimeshazichana kwa sababu ya sentensi hiyo, na hii ya tatu naifunga sasa hivi, Bernadina aondoke nayo kabla sijaichana na yenyewe.

Shangazi yako,
Mwanaidi